Mikono Iliyounga Kamba ya Dunmore

Jumamosi, 22 Juni

Namshukuru Mungu aliyenifikisha kwenye msimu mwingine wa theluji. Daktari wa Darfield amenikataza kuteleza kwa mbao, ila hakunikataza kupanda mlima. Kwa hiyo klabu yetu ya kuteleza hapa Dunmore imenirudishia kile chumba kidogo cha nyuma ya jiko, niongoze sala za Jumapili na niandike daftari la klabu. Kazi hiyo ya daftari nilikabidhiwa nikiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, mwanafunzi wa theolojia mwenye mwandiko mzuri, na katika miaka sitini na miwili hajatokea mtu wa kuninyang'anya. Daftari hili ninaloandika sasa ni jingine. Lile ni la watu wote. Hili ni langu mimi na Mola wangu.

Leo tumefungua msimu. Kama ilivyo desturi, mchana tulitundika mablanketi madirishani na kuonyesha filamu ya mwaka 1962, dakika kumi na moja zisizo na sauti. Wanaume wanaruka kutoka kwenye mwamba. Wanawake wanaanguka, wanacheka, wanafuta theluji kwenye nywele, wanagawa chai. Kisha inakuja ile sehemu ambayo kila mtu huinyamazia: mikono miwili isiyo na uso, ndani ya glavu zilizokatwa vidole, ikiunga kamba ya kupandia, ile izungushwayo na injini kuwavuta watu juu mlimani, siku zile tulipoifunga kwa mara ya kwanza. Katika mkono wa kulia kuna kitu cheupe, ambacho watu husema ni mshumaa wa kulainishia nyuzi. Mwenyekiti wetu, Wyn Hosking, husimama na kusema, "Clem," na sisi sote huinua vikombe. Clem alikuwa baba yake. Alifunikwa na maporomoko ya theluji mwaka 1969, na tangu mwaka uliofuata tumekuwa tukiinua vikombe kwa mikono ile.

Nimeinua changu zaidi ya mara hamsini. Mikono ile si ya Clem. Ni ya Ngaire Pascoe, na mimi ninajua, kwa sababu upande wa kushoto wa picha yanaonekana magoti mawili ya suruali ya kijivu yaliyobana ncha ya kamba. Magoti hayo ni yangu.

Jumapili, 23 Juni

Mvua. Watu kumi na mmoja kwenye ibada. Mmoja alisinzia, nami nilimwonea wivu.

Jumamosi, 6 Julai

Theluji kiasi cha kufunika majani, basi. Kasuku wa milimani wamekula mpira wa kioo cha gari la Wyn.

Amefika msichana anayeitwa Briar Haddon, binti wa mkata manyoya ya kondoo kutoka Omarama. Ana kamera tatu, ubao mmoja wa kutelezea, pete puani, na kofia asiyoivua hata mezani. Anatengeneza filamu kuhusu wanawake katika filamu za theluji, yaani kile walichofanya na kile walichoonyeshwa wakifanya. Klabu imempa msimu mzima. Anasema atafunga kazi yake siku tutakayofunga mlima, na baada ya hapo filamu itasafiri dunia nzima, wala haitarekebishwa tena.

Alipoketi mbele yangu nilimuuliza kama anafikiri jambo hilo linatosha kuwa filamu.

"Mchungaji, umeshaona ngapi za aina hii?"

"Moja. Mara nyingi sana."

Alicheka. "Basi sikiliza. Katika filamu hizi mwanaume akianguka, wanarudia polepole uone alivyoumia. Mwanamke akianguka, wanakata hapohapo, kwenye kicheko. Hujawahi kumwona anainuka. Mimi nataka nionyeshe wanavyoinuka."

Nilikwenda zangu nikidhani ni maneno ya vijana. Nimeyafikiria mchana kutwa.

Jumatatu, 8 Julai

Hakuna theluji mpya. Supu ya boga.

Ijumaa, 12 Julai

Imeanguka theluji sentimita arobaini, kavu kama unga. Niliketi kwenye benchi la mbele ya nyumba nikamtazama Briar akimpiga picha Hinemoa, msimamizi wetu wa injini ya kamba, mama wa watoto watatu na mwanamke asiyesema neno zima ikiwa nusu yake yatosha. Hinemoa aliwasha injini kwa mkono, akajifunga mkanda wake kiunoni, akakamata kamba iliyokuwa ikikimbia, akaitupia kibano cha chuma kinachoning'inia kwenye mkanda bila kutazama, akapanda. Nimeona jambo hilo kila asubuhi kwa miaka tisa na sikuwahi kuliona. Kisha akashuka kwenye ule mfereji mwembamba katikati ya miamba ambao vijana wetu huusimulia zaidi ya wanavyoushuka, naye Briar akiwa nyuma yake juu ya ubao wake, kamera mkononi, akiteleza kinyumenyume kwenye sehemu zilizolala kidogo ili amwone uso.

Hinemoa alianguka katikati. Alibingirika mara mbili. Briar alisimama, hakuzima kamera, akangoja. Ilichukua muda mrefu kwa Hinemoa kuutafuta ubao mmoja uliopotea, kuufunga tena, kuinuka. Kisha akaendelea.

Walipofika chini nilisikia Wyn akitania, "Hinemoa, ulikuwa unatafuta nini kule, sarafu?"

"Nilikuwa natafuta heshima yako," alisema, "nikakosa."

Nimevutiwa na wote wawili. Ile kofia mezani nimeamua kuisamehe.

Jumatano, 17 Julai

Leo nimetenda dhambi, na niiandike kwa utaratibu.

Briar aliniomba niketi mbele ya kamera nikiwa na daftari la mwaka 1962. Alinionyesha ile mikono kwenye skrini yake ndogo, kubwa kuliko nilivyowahi kuiona, kila uzi wa kamba ukihesabika. Akasema mikono hii ndiyo itakayofungua filamu yake, maana ndiyo iliyoanzisha mlima huu, na kwamba anataka kuonyesha jinsi sehemu nzuri kuliko zote katika filamu ya zamani ilivyotolewa kwa mwanaume na wanawake wakabaki na vikombe. Kisha akauliza, kwa adabu, "Mikono hii ni ya nani, Mchungaji?"

Nikafungua daftari. Nikasema, "Daftari linasema kamba iliungwa na Clem Hosking."

Kila neno katika sentensi hiyo ni kweli. Nilifundishwa na walimu wacha Mungu kwamba uongo mkubwa kuliko wote ni ule unaojengwa kwa maneno ya kweli, nami nimewafundisha wengine hivyo hivyo kutoka mimbarani kwa miaka arobaini.

Sasa niandike lililotokea. Katika klabu zetu za milimani kila mtu hufanya kazi, na kila mtu huwa na zamu yake kwenye orodha. Siku zile kulikuwa na orodha mbili: ya mlima, ya wanaume, na ya jiko, ya wanawake. Mwanamke aliyetaka kuteleza alipanda kwa zamu ya jiko au hakupanda kabisa. Agosti 1962 kamba ilifika, ikabidi ncha zake mbili ziungwe iwe mduara, na orodha ikasema: kamba, C. Hosking; jiko, N. Pascoe. Clem alijaribu siku nzima. Kiungo chake kilitoka kinene kama goti la ng'ombe, na kiungo kinene hakipiti kwenye kibano: humng'oa mtu mkono. Ndipo Ngaire akatoka jikoni, akifuta unga kwenye aproni. Alikuwa na miaka ishirini, binti wa fundi wa kamba za meli bandarini Lyttelton. Akasema, "Clem, tafadhali sogea." Akaifumua kazi yake yote. Akaninyooshea kidole mimi, niliyekuwa nimesimama na kalamu, akasema, "Wewe mwenye kuandika, kaa chini, bana hapa kwa magoti." Nilibana kwa siku mbili.

Nilipoandika daftari, nilinakili orodha. Huo ndio ukweli wote. Hakuna aliyeniomba. Ilikuwa desturi daftari lifuate orodha, na orodha ilisema Clem, na sikuona kwamba macho yangu yalikuwa na haki ya kuipinga karatasi. Clem alipofariki, watu walifungua daftari wakitafuta kitu cha kumkumbukia, wakakuta sentensi yangu.

Alhamisi, 18 Julai

Sikusema.

Jumapili, 21 Julai

Nilihubiri juu ya shukrani. Briar alivua kofia. Sikusema.

Jumamosi, 27 Julai

Familia thelathini na mbili zimepanda kwa likizo. Watoto wa kike saba wanamfuata Briar kama vifaranga. Mmoja aliniuliza kama Mungu anaweza kuteleza. Nilimjibu kwamba hana haja ya kuanguka. "Basi hajui," alisema, akaondoka. Nimeliandika jibu lake, maana ni bora kuliko langu.

Kuhusu lile jambo, bado sikusema.

Jumapili, 4 Agosti

Upepo wa joto kutoka kaskazini-magharibi tangu asubuhi. Theluji inakonda mbele ya macho. Barabara ya kwenda mjini imefungwa kwa maporomoko ya udongo kwenye kona ya pili.

Jumanne, 6 Agosti

Jana mvua ilinyesha juu ya kila kitu, na alfajiri baridi ikarudi, ikagandisha mlima mzima kama sahani. Kamba ya kupandia ilikuwa imelala chini na kuzama ndani ya barafu kwa urefu wake wote. Kila mwanachama wa klabu, hata mtoto, anajua la kufanya: mtu hutembea na fimbo tangu chini hadi juu, akiibandua kamba hatua kwa hatua, ndipo injini iwashwe. Hinemoa alikuwa amevaa viatu tayari kwa kazi hiyo. Wyn hakumngoja. Watoto walikuwa wamejipanga, jua linang'aa, naye akataka kuwafurahisha. Akawasha injini mwenyewe.

Tulisikia mlio kama bunduki. Kamba ilikatika juu ya nguzo ya tatu.

Hinemoa alivua glavu zake polepole, moja baada ya nyingine. "Wyn," alisema, "leo ulikuwa unatafuta nini, sarafu?"

Wyn alizima injini. Alikuwa mweupe kama ukuta. Fundi wa kamba yuko mjini, na barabara haitafunguliwa kabla ya siku kumi. Bila kamba hakuna mlima, na msimu huu ulikuwa mfupi tangu mwanzo. Walijaribu wenyewe mchana kutwa, wakitazama picha kwenye simu. Walitoa goti la ng'ombe lilelile la Clem.

Jumatano, 7 Agosti

Wakati wa kifungua kinywa nilisema, "Yuko mtu kijijini Castle Hill anayejua kuunga kamba hii. Ni upande wetu wa maporomoko. Dakika ishirini kwa gari."

"Nani?" Wyn aliuliza.

"Ngaire Pascoe."

Alinitazama kama niliyepotewa na fahamu. "Ngaire? Yule bibi wa vimikate vya skoni?"

"Huyo huyo."

"Mchungaji, kwa heshima zote, yule ana miaka themanini na ushee. Kamba ameijulia wapi?"

"Aliijua kabla hujazaliwa, Wyn."

Mezani palikuwa na watu ishirini. Ni Briar peke yake aliyeweka kijiko chake chini.

Alhamisi, 8 Agosti

Siku ambayo nitaomba niikumbuke hadi mwisho.

Ngaire alifika saa tatu asubuhi, amevaa koti la marehemu mumewe, fimbo mkono mmoja. Vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi kama mizizi. Alipanda ngazi za nyumba akikataa kushikwa. Ndani aliitazama kazi ya juzi, akaigusa, akasema, "Nani amepika huu ugali?"

"Sisi sote, mama," Wyn alisema.

"Inaonekana. Fumueni."

Kisha akatia mkono mfukoni akatoa kijiti cheupe kilichochongwa ncha, cha urefu wa shibiri, kinachong'aa kwa kushikwa. Ni mfupa wa nyangumi. Baba yake aliutumia kupenyezea nyuzi za kamba za meli. Aliuweka mezani. Nilimwona Briar akiutazama, kisha akaitazama kamera yake, kisha akautazama tena.

"Mimi siwezi kufunga hata kifungo cha blauzi," Ngaire alisema, "kwa hiyo nataka mikono ya mtu mwingine. Si yako, Wyn, una haraka." Akawapitia wote kwa macho. "Wewe binti wa injini. Nionyeshe viganja."

Hinemoa akavionyesha.

"Hivi vinafanya kazi. Kaa hapa. Na sasa nataka mtu wa kubana." Hakuzunguka kutafuta. "Murdoch. Magoti yako yana uzoefu."

Watu walicheka. Niliketi sakafuni, jambo lililochukua muda na msaada wa watu wawili, nikabana ncha ya kamba kwa magoti, na miaka sitini na miwili ikawa si kitu. Harufu ya kamba ilikuwa ileile.

Walifanya kazi kwa muda wa saa saba. Walipima hatua kumi na mbili za kamba, wakazifumua nyuzi nene tatu kila upande, kisha uzi mmoja ukatolewa na mwenzake akalazwa mahali pake, hatua kwa hatua, hadi pasiwe na mahali kamba ilipozidi unene wake wa asili. Ngaire aliketi nyuma ya Hinemoa, kidevu karibu na bega lake, akimwongoza kwa sauti ya chini.

"Usimvute. Mwalike. Hapo. Sasa mpe mgongo wa kidole gumba. Hapana, cha kushoto."

"Nani ataona kama ni cha kushoto au cha kulia, bibi?"

"Uzi utaona."

Wakati fulani Wyn alileta chai. Ngaire alionja, akarudisha kikombe. "Mwanangu, baba yako alikuwa anakoroga chai vizuri kuliko wewe. Siku zile alituletea kila saa, na kamera yake shingoni, anatuzunguka kama nzi. Nilimwambia, Clem, ama unakoroga ama unapiga picha."

Wyn alicheka. Hakusikia alichosikia. Briar alisikia, nilimwona akisikia.

Saa kumi wakaifunga kamba magurudumuni. Hinemoa alitembea mstari wote kwa fimbo, kisha akawasha injini. Ngaire hakutazama. Alisimama chini ya gurudumu la kwanza, amefumba macho, kichwa ameinamisha upande. Kiungo kibaya hugonga kinapopita. Hata mimi naujua mlio huo. Kamba ilizunguka mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Kimepita?" aliuliza.

"Kimepita mara tatu, bibi," Hinemoa alisema.

"Sikukisikia," alisema Ngaire, na machozi yakamtoka bila uso wake kubadilika.

Ijumaa, 9 Agosti

Briar alinikuta kwenye benchi. Hakuwa na kamera.

"Mchungaji, nina swali moja dogo. Ile filamu ya zamani, nani aliipiga?"

"Clem. Ilikuwa kamera yake. Hakuruhusu mtu kuigusa."

"Kila mtu hapa anajua hivyo?"

"Kila mtu."

"Na kila mtu anajua ile mikono ni ya Clem."

 Sisi watu wa Dunmore tumeyajua mambo hayo mawili kwa zaidi ya miaka hamsini, tumeyasimulia katika meza moja, na hakuna aliyewahi kuyaweka ubavu kwa ubavu.

"Kalete kamera yako," nilisema. "Lakini kesho. Leo kuna mtu mwingine ninayepaswa kumwambia kwanza."

Jumamosi, 10 Agosti

Hinemoa alinipeleka Castle Hill. Ngaire alikuwa akimenya viazi kwa kisu cha mpini mnene. Nilisimama, kwa kuwa niliona si haki kukiri nikiwa nimeketi, nikamwambia yote: orodha, daftari, vikombe, na maneno niliyoyasema mbele ya kamera mwezi uliopita. Nikamwomba msamaha.

Aliendelea kumenya.

"Nilijua," alisema. "Nililisoma daftari lako wiki ileile. Ulikuwa umeliacha wazi mezani, nami nilikuwa nakusanya vikombe."

"Wiki ileile? Na hukusema neno?"

"Ningemwambia nani, Murdoch? Mwandishi ulikuwa wewe."

Sijawahi kuhukumiwa kwa upole kama huo. Niliketi.

"Nilikasirika msimu mmoja," alisema. "Kisha nikaona, nikigomba wataninyima zamu ya jiko, na bila zamu ya jiko sipandi. Na mimi nilitaka kuteleza. Basi nikapika skoni miaka thelathini, na kila asubuhi nikapanda kwa kamba yangu mwenyewe." Akaweka kisu chini. "Kila mara nilipopita kwenye kiungo nilikuwa najua. Hilo hukuweza kuliandika wala kulifuta."

Nilimuuliza nifanye nini.

"Sema. Na usitumie maneno mengi. Wewe ukitubu unahubiri."

Jumapili, 11 Agosti

Nimesema, mbele ya kamera, kwa dakika nne. Baada ya kumaliza, Briar hakuonyesha ushindi wowote. Alinimiminia chai, akakaa nami hadi ikapoa.

Jumanne, 13 Agosti

Wyn ameambiwa. Alikuja chumbani mwangu na hakuketi.

"Umemwacha baba yangu asifiwe miaka yote hii, leo unamvua nguo mbele ya watu. Mimi nimesimama pale kila mwaka, Mchungaji. Mimi, na kikombe changu, kama mjinga."

"Mjinga ni mimi, Wyn. Wewe uliamini maandishi yangu."

"Nilikuwa na miaka sita alipokufa," alisema. "Ile mikono ndiyo niliyokuwa nayo."

 Amesema hataki filamu ionyeshwe katika nyumba hii.

Jumapili, 25 Agosti

Theluji njema, wiki ya pili mfululizo. Kiungo hakisikiki. Wyn hakuja ibadani.

Jumanne, 3 Septemba

Hinemoa anawafundisha wale wasichana saba kuunga vipande vya kamba kuukuu. "Usimvute, mwalike," wanaambizana, kwa sauti ya Ngaire kabisa.

Jumamosi, 14 Septemba

Wyn alirudi kutoka mjini na mkebe wa bati, ule wa filamu asilia, ambao umekaa katika sanduku la mama yake tangu msiba. Sisi tumekuwa tukitumia nakala. Aliuweka mbele ya Briar na mbele yangu. Juu ya mfuniko, kwa penseli ya Clem, kwa zile herufi zake zilizoinama, imeandikwa: Ngaire akiunga kamba. Kazi safi.

"Hakuiba," Wyn alisema.

"Hakuiba," nilisema. "Alimpiga picha kwa sababu alimstahi. Niliyemnyang'anya Ngaire ni mimi, kisha nikampa baba yako kitu ambacho hakukiomba."

Aliugeuza mkebe mikononi. "Siku mbili, na kamera shingoni, anakoroga chai," alisema. "Huyo mtu simjui. Ningependa kumjua." Kisha akamwambia Briar, "Mkebe huu uonekane. Karibu kabisa, watu wasome."

Jumamosi, 28 Septemba

Tumefunga mlima. Tumetundika mablanketi, na badala ya dakika kumi na moja tumetazama saa moja na robo.

Sitaisimulia filamu yote. Itakwenda ulimwenguni na kujisemea. Nitaandika tu kwamba wanawake wanaanguka ndani yake mara nyingi, na kila mmoja anaonekana akiinuka, hata inapochukua muda. Nitaandika pia kwamba mikono ya mwaka 1962 inafuatwa na mikono ya Hinemoa bila neno lolote, gumba la kushoto baada ya gumba la kushoto, na kile kijiti cheupe kikipita kutoka mkono hadi mkono, na hakuna atakayekiita mshumaa tena. Mimi nimo, mzee aliyevaa koti jeusi, kwa dakika nne zilizokatwa zikawa moja. Ngaire ndiye aliyeomba zikatwe.

Alikuwa ameketi mbele kabisa. Ilipofika sehemu ya mikono alinyoosha fimbo. "Rudisha hapo."

Briar akarudisha.

"Tena." Akaisogelea skrini. "Uzi wa pili niliupitisha vibaya. Tazama. Miaka yote hii mmekuwa mkiinulia vikombe kosa langu."

Nyumba nzima ilicheka, na katika kicheko hicho Wyn alisimama. Alingoja kimya kirudi. "Ngaire," alisema, akainua kikombe, na sisi sote.

Baadaye Hinemoa alimuuliza Ngaire kama jina la Ngaire lichongwe juu ya mlango. Mwenyewe alisema hana haja na mbao. "Murdoch, chukua kalamu. Orodha ya mwakani. Kamba: N. Pascoe, na Hinemoa chini yangu."

Nikaandika.

"Jiko?" nikauliza.

 Wote walikuwa wananitazama. Nikaandika jina langu: M. Laidlaw.

"Ee Mungu tusaidie," Wyn alisema. "Skoni zake zitatung'oa meno."

Jumapili, 29 Septemba

Baada ya ibada nililifungua daftari la mwaka 1962, na chini ya sentensi yangu, bila kuifuta, nikaandika kwa tarehe ya leo: Kamba iliungwa na Ngaire Pascoe. Mwandishi alikuwepo na aliona. Nililiacha wazi mezani ili wino ukauke.

Kisha, kwa kuwa zamu haina haja ya kungoja mwaka, nilivaa aproni na kuanza. Vikombe vilikuwa arobaini na vitatu. Nilipovikusanya vile vya mezani nilipita karibu na daftari, nikasimama na vikombe mikononi, nikasoma kilichoandikwa.